Kabla ya Kuhamia Endasak



Juma hili nimepokea barua ya msikilizaji mmoja anayeishi ng'ambo. Ameniomba nisimtaje jina, nami nitaheshimu ombi lake. Anasema amefanya kazi ughaibuni kwa miaka mingi, mkewe ni raia wa nchi hiyo ya huko, na sasa anakaribia kustaafu. Kwanza walifikiria kwenda kuishi katika mojawapo ya visiwa vya Karibi, kama wafanyavyo wastaafu wengi wa Ulaya na Kanada. Lakini damu ni nzito kuliko maji. Amekumbuka nchi yake, na katika nchi yake amekumbuka Endasak, alikopita zamani akiwa kijana. Anauliza: je, panafaa? Na afanye nini ili asije akajuta?

Swali hili si la mtu mmoja. Hapa mijini wapo watumishi, wafanyabiashara na wastaafu ambao wamechoshwa na joto, foleni na bei ya viwanja, na macho yao yameelekea vijijini. Kwa hiyo namjibu yeye, lakini ninyi nyote msikilize.

Kwa wasioifahamu, Endasak iko wilayani Hanang, mkoani Manyara, kando ya barabara itokayo Babati kwenda Katesh na kuendelea hadi Singida. Ukishuka kwenye basi pale, kitu cha kwanza kukiona ni Mlima Hanang, wenye urefu unaozidi mita 3,400, umesimama peke yake kama mzee wa ukoo kikaoni. Hali ya hewa ni ya baridi, hasa miezi ya Juni na Julai. Ardhi yake ni ya volkano, na wenyeji hulima mahindi, maharage, mbaazi na alizeti, na hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Barabara ni ya lami. Mtu aliyezoea vumbi na kelele za mjini akifika hapo, moyo wake husema: hapa ndipo.

Hapo ndipo ninapomwambia: ngoja kwanza. Uzuri wa mahali huonekana kwa siku moja. Mambo yatakayokufanya uishi au uhame hayaonekani kwa siku moja.

Swali la kwanza ni hili: maji yanapita wapi? Sina maana ya maji ya bomba tu, ingawa hayo nayo uyaulize. Nina maana ya maji ya mvua yanayoshuka kutoka mlimani. Hatujasahau Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikateremka kwa kufuata njia za vijito hadi Katesh, Jorodom, Gendabi na sehemu nyinginezo. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nyumba zilisombwa, na maduka ya Katesh yakajaa tope. Baadaye zaidi ya nyumba 100 zilijengwa huko Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi.

Ndugu zangu, mlima ule ulikuwepo siku zote, na vijito vile vilikuwa na njia zake siku zote. Wakati wa kiangazi korongo kavu huonekana kama uchochoro wa kupitishia mbuzi, na mwuzaji huweza kukuambia kuwa ni sehemu ya kiwanja. Kwa hiyo usinunue ardhi ya Hanang wakati wa kiangazi tu. Njoo na wakati wa masika. Simama pale unapotaka kujenga mvua ikinyesha. Tafuta mzee au bibi aliyekulia hapo, umwulize maji yalipita wapi mwaka ule wa mvua nyingi. Halafu mwulize na mwingine ambaye hana kiwanja cha kuuza.

Msikilizaji wetu asidhani kwamba huko Karibi angekuwa salama zaidi. Kipo kisiwa kinachoitwa Montserrat, kilicho chini ya Uingereza. Wageni wenye fedha walijenga huko nyumba nzuri zinazotazama bahari na vilima vya kijani. Mwaka 1989 kimbunga Hugo kikakiharibu vibaya. Mwaka 1995 volkano iliyokuwa imelala ikaamka, mwaka 1997 ikaua watu 19, na mji mkuu wa Plymouth ukahamwa moja kwa moja hadi leo. Hata uwanja wa gofu wa bonde la Belham, waliokuwa wakicheza wageni hao, ulifukiwa na tope. Sehemu kubwa ya wakazi wa kisiwa hicho walilazimika kuhama. Kumbe kila mlima una habari zake, na mwenye kuzijua ni mwenyeji.

Swali la pili: ardhi hiyo ni ya nani? Hapa wengi hudhani kwamba jibu ni yule mtu anayewaonyesha shamba. La hasha. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, na Halmashauri hiyo haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Karatasi mliyoandikiana na mwuzaji chini ya mwembe, mbele ya shahidi mliyemnunulia soda, haikupi haki ambayo kijiji hakijaikubali. Nenda ofisi ya kijiji. Soma muhtasari wa kikao. Uliza kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, ili usije ukauziwa malisho ya ng'ombe au njia ya kuendea maji. Ukikubaliwa, omba Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Na kama ni kiwanja kilichopimwa, safari yako ni ya Katesh, kwenye Halmashauri ya Wilaya.

Tena uliza kuhusu mke wa mwuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe, wala mke bila ya mumewe. Yapo mashamba yaliyouzwa kilabuni usiku, na asubuhi mama na watoto wakaamka na kukuta mgeni anapima msingi. Ukinunua shamba la namna hiyo, umenunua kesi, na umenunua na machozi ya watu.

Sasa nije kwa mke wa msikilizaji wetu. Asiye raia wa Tanzania hawezi kumilikishwa ardhi hapa nchini kama raia. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inamruhusu kuipata kwa ajili ya uwekezaji tu, na kwa utaratibu maalumu wa Serikali. Kwa hiyo shamba la Endasak haliwezi kuandikwa jina la mama huyo kana kwamba ni mzaliwa wa hapo. Naye msikilizaji mwenyewe ajiulize swali zito zaidi: je, bado ni raia? Nchi yetu haina uraia pacha kwa watu wazima. Kama alichukua uraia wa huko, basi machoni pa sheria naye ni mgeni, hata kama anakijua Kiiraqw kuliko mimi. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ya kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje. Aende Uhamiaji na ofisi za ardhi aulize masharti yake kabla ya kutuma hata senti moja. Na ninamsihi sana asitumie jina la mpwa wake kununulia shamba kwa siri. Mipango ya namna hiyo huanza kwa kukumbatiana na huishia barazani.

Wapo watakaosema sheria hizi ni kali mno, kwamba mtu mwenye fedha zake akaribishwe bila maswali. Kwa Hanang sikubaliani nao, na sababu yangu iko katika historia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, chini ya mradi wa ngano ulioendeshwa kwa msaada wa Kanada, Shirika la Kilimo la Taifa, NAFCO, lilianzisha mashamba makubwa wilayani humo. Yalifika saba, yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, ambao ni Wadatoga. Watu wa Mulbadaw walikwenda Mahakama Kuu wakashinda mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo, kwa kuona kwamba haki yao ya kimila haikuthibitishwa ipasavyo. Fikirini jambo hilo: watu ambao babu zao wamezikwa hapo waliambiwa hawajathibitisha kuwa pao. Jeraha la namna hiyo halifutiki upesi. Mgeni anayeshangaa kwa nini wazee wanamwuliza maswali mengi juu ya ekari tano, ajue kwamba wanakumbuka ekari laki moja.

Hiyo inatuleta kwenye swali la tatu, nalo ni la majirani. Wahenga walisema, chagua jirani kabla ya nyumba. Hanang ni nyumbani kwa Wairaqw na Wadatoga, na wapo pia Wanyaturu, Wanyiramba na wengineo. Wairaqw wengi nao walifika huko wakitokea nyanda za juu za Mbulu, walipoona ardhi ya kwao imewabana. Maana yake ni kwamba kuhamia si jambo geni katika nchi hiyo. Lakini mhamiaji wa zamani hakujichomekea tu. Alikwenda kwa wazee, akaonyeshwa mahali, akajulikana na majirani, akashiriki kazi zao na misiba yao. Kwa taratibu hizo alihesabiwa kuwa mtu wa hapo.

Nitoe mfano mmoja tu wa jambo ambalo fedha haiwezi kukufundisha. Wadatoga wana desturi ya kumzika mzee mwenye heshima kwa sherehe kubwa, na juu ya kaburi lake hujengwa kichuguu cha udongo. Kaburi hilo wanaliita bung'eda. Baada ya miaka, mtu asiyejua hukiona kichuguu kimeota majani, akadhani ni udongo mzuri wa kufyatulia matofali. Makaburi ya namna hiyo yaliwahi kulimwa kwa matrekta katika mashamba ya ngano, na uchungu wake bado unasimuliwa. Kwa hiyo kabla ya kuchimba msingi, tembea shambani na wazee, uwaulize kila kichuguu na kila mti mkubwa. Ukikutana nao jifunze angalau kusema "saita" kwa Mwiraqw, na usubiri kuulizwa habari za nyumbani. Salamu fupi ya mjini, ya kupungia mkono ndani ya gari lenye vioo vyeusi, huko huhesabiwa kuwa ni dharau.

Baada ya maswali haya matatu, ushauri wangu kwa msikilizaji ni mwepisi. Asinunue kwanza. Apange nyumba pale Endasak kwa mwaka mzima, yeye na mkewe. Waishi masika na kiangazi, waone baridi ya Julai na tope la Aprili. Wajue dawa zao za kila siku zinapatikana wapi, na usiku mtu akizidiwa anapelekwa hospitali gani na kwa usafiri gani, kwani uzee hauna urafiki na umbali. Wajue mama huyo atazungumza na nani mumewe akiwa shambani, maana upweke umewahamisha wageni wengi kuliko malaria. Mwaka ukiisha, kijiji kitakuwa kimewafahamu, nao watakuwa wamekifahamu kijiji. Hapo ndipo waombe ardhi.

Nina neno pia kwa viongozi wa vijiji, wa Endasak na wa kwingineko. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huo ni usemi wetu, nami naupenda. Lakini mwenyeji hawezi kupona ikiwa atauza shamba la mwisho na kumwachia kijana wake pikipiki ya mkopo. Kila ekari mnayoipitisha kikaoni, jiulizeni watoto wanaosoma darasa la kwanza leo watalima wapi. Msigawe makorongo na miteremko ya mlima kwa sababu tu mgeni hajui. Tope la Hanang halikuchagua mwenyeji wala mgeni. Na fedha za mauzo zisomwe mbele ya Mkutano Mkuu, si mfukoni mwa mtu.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji wa ng'ambo, jibu langu ni kwamba Endasak panafaa, lakini panamfaa yule ambaye yuko tayari kuulizwa. Kiwanja kinaweza kupatikana kwa fedha na kwa sheria. Ujirani hupatikana kwa kwenda msibani, kwa kuchangia shule, na kwa kushika jembe siku ya tatu kama usemi wetu unavyotaka. Kama uko tayari kwa hayo, karibu nyumbani, na mama naye karibu.

Kwa leo niishie hapo. Nawatakia juma jema. Kwaherini.