Mwonyeshe Mchungaji Picha Yako

  Leo ningependa tuongee juu ya jambo linalopendwa na vijana wengi wa Wajir, na pia na walimu na wauguzi wanaopelekwa kufanya kazi huko: kupiga picha za nje. Twiga kando ya barabara, ngamia kisimani, anga la jioni. Siku hizi kamera imo ndani ya simu, na simu imo mfukoni. Basi mtu hupiga picha, akairekebisha rangi usiku, na asubuhi humwonyesha rafiki yake. Rafiki husema, "Nzuri sana!" Mambo yameishia hapo.

Wapendwa, wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa si dhambi, lakini haikufundishi mahali pa kusimama kesho.

Tuanze na mashauri yaliyo rahisi kupata. Wajir ni nchi tambarare, na udongo wake mahali pengi ni mweupe wa chokaa. Kamera haina akili ya kujua kwamba ardhi ni nyeupe. Ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, basi huupunguza, na nyuso za watu hutoka nyeusi kama makaa. Mtu mwenye ujuzi atakuambia: gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo, au ongeza mwanga kidogo. Atakuambia pia kwamba mji ule uko karibu na ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua husimama utosini na kivuli cha kilemba hufunika macho. Ngoja saa kumi na moja jioni. Tena atakuonyesha kwamba mstari wa upeo wa macho umemkata twiga wako shingoni. Chuchumaa kidogo, naye atainuka juu ya vichaka. Mashauri hayo ni mema, na fundi yeyote wa picha mjini atakupa.

Lakini yako mengine ambayo fundi huyo hawezi kukupa. Kwa hayo nasema, mwonyeshe mchungaji picha yako. Msinielewe vibaya! Sisemi mchungaji wa kanisa, ingawa naye ana macho. Nasema mchunga ngamia.

Yeye hatazami mistari na pembe. Humtazama mnyama. Hutazama kama nundu imesimama au imelala, kwa maana nundu iliyonywea ni dalili ya njaa. Hutafuta alama ya chuma ubavuni, apate kujua ngamia ni wa nani. Huenda akakuuliza, "Mbona umemwonyesha huyu aliyekonda peke yake? Wale wengine waliokuwa nyuma yake umewapeleka wapi?" Hapo ndugu, umekosolewa hasa. Kumbe ulipopunguza kingo za picha ili ipendeze, ulilipunguza na kundi zima la mtu.

Labda utasema, hiyo ni picha tu. Hebu tutazame picha moja iliyotoka katika Wajir yenyewe ikazunguka dunia. Tarehe 10 Desemba 2021, wakati wa ukame mkali, mpiga picha Ed Ram wa shirika la Getty Images alipiga picha kutoka juu angani, nje ya kijiji cha Eyrib, katika hifadhi ya wanyama ya Sabuli. Twiga sita wamelala wamekufa juu ya mchanga, wamekaa kama duara. Kwa upangaji ni picha yenye nguvu sana. Kama angesimama chini angepata miili miwili mitatu iliyozibana. Kutoka juu wote sita wanahesabika kwa mara moja.

Sasa mpe picha hiyo mtu asiyejua lolote, bila maneno yake. Atauliza, "Kwa nini wamelala hivi? Walikufa wakiwa wamezungukana?" Swali hilo ni la thamani kuliko sifa mia. Jibu lilikuwa limeandikwa chini ya picha: twiga hao, wakiwa wamedhoofika kwa njaa na kiu, walikwama katika tope la bwawa lililokaribia kukauka, wakafa. Kisha walihamishwa na kuwekwa pale ili maji ya bwawa yasiharibike. Naam, duara lile ni kazi ya mikono ya watu waliokuwa wanalinda maji yao. Hakuna mtu hata mmoja anayeonekana kama shujaa katika picha, lakini watu wamo. Aliyeisambaza picha bila maneno yale aliwaondoa.

Juu ya kurekebisha picha, kila mtu ana kipimo chake. Kuongeza mwanga usoni ni haki. Kunyosha upeo uliopinda ni haki. Lakini mwezi wa Februari 1982 jarida la Marekani, National Geographic, lilizisogeza piramidi za Misri zikaribiane kwa msaada wa kompyuta, ili picha iliyokuwa pana ienee katika jalada lililo refu. Piramidi zenyewe hazijasogea tangu zijengwe! Jarida likalaumiwa sana. Leo kijana mwenye simu hufanya makubwa kuliko hayo kwa kidole kimoja: huifanya ardhi iwe nyekundu, nyufa ziwe nyeusi, majani ya mvua za gu yageuke kahawia ili yafanane na ukame. Kwa maoni yangu, nchi ya kaskazini mashariki imeonyeshwa kwa ukame mpaka imechosha. Mahali palipo kijani, pawe kijani. Nao mwaka wa ukame utakapokuja, picha yako itaaminiwa.

Basi utaombaje maoni? Usiulize, "Ni nzuri?" Swali hilo humlazimisha mwenzako kuwa mwongo au mkorofi. Uliza, "Jicho lako limeanzia wapi?" Uliza, "Kuna kitu kinachokusumbua?" Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi hushindwa. Mtu hajamaliza kusema, mwenye picha ameanza kujitetea kwa habari za jua na vumbi. Mwonyeshe picha ya asili pamoja na ile uliyoirekebisha, nawe usiifute ile ya asili kamwe. Mkae kivulini, maana kioo cha simu juani hakionyeshi kitu. Kama ni mzee mwenye macho hafifu, mchapishie ya karatasi.

Wala si lazima ufuate kila neno. Mmoja akisita mahali fulani, huenda ni yeye. Watatu wakisita mahali pamoja, kasoro iko hapo. Nawe ukiombwa maoni, sema juu ya picha, usiseme juu ya mtu.

Limebaki moja. Kisimani wako akina mama wanaoteka maji, na wengi wao hawapendi kupigwa picha. Omba ruhusa kabla. Kama mama ameingia katika picha bila wewe kukusudia, mwendee kwa adabu umwonyeshe, umwulize yeye kwanza kabla ya fundi wa mjini. Huenda akacheka akaomba nakala. Huenda akasema, "Ifute, mwanangu." Akisema hivyo, ifute pale pale, mbele ya macho yake, hata kama ndiyo picha bora uliyopata mwaka mzima.