Picha Isiyo na Mtu

Nilipokuwa mdogo kwetu Uru, ukutani kwa marehemu bibi yangu palining'inia kalenda yenye picha ya Kibo, iliyopigwa kutoka pale pale kijijini. Siku moja bibi aliitazama, akauliza: "Na mwenye picha yuko wapi?" Kwake yeye picha ni mtu. Mlima wa nini, na upo hapo nje kila asubuhi bila malipo?

Swali hilo nimelikumbuka wiki hii nikisoma habari za Fritz Klute, Mjerumani aliyepanda Kilimanjaro mwaka 1912 pamoja na mwenzake Eduard Oehler. Hao ndio waliofika kwanza kilele cha Mawenzi. Lakini Klute alikuwa na kazi nyingine: kuupiga picha mlima ili achore ramani yake. Zama zile picha kubwa ilipigwa kwenye kioo. Kamera inasimama juu ya miguu mitatu, mpigaji anangoja ukungu uondoke, anapiga. Halafu anahamia mahali pengine, umbali ukiwa umepimwa, anaupiga tena mlima ule ule. Kwa picha mbili hizo unaweza kupima bonde bila kulikanyaga. Kioo kilipendwa kwa sababu hakinywei wala hakivutiki. Ubaya wake ni kizito, na kikianguka ndio basi. Nasi watu wa mlimani twajua mizigo ya wageni hubebwa na nani.

Klute alirudi kwao, akachapisha matokeo mwaka 1920, akawa profesa wa jiografia mjini Giessen. Hakupata sifa kama Ansel Adams wa Marekani, ambaye picha zake za Yosemite watu hutundika sebuleni. Wala sidhani alijua kuwa anapiga picha ya kitu kinachoondoka.

Wataalamu walioirudia kazi yake walikuta kuwa mwaka 1912 barafu ya mlima ilikuwa kilometa za mraba 12 hivi. Mwaka 2000 zilibaki kama 2.6, mwaka 2007, kama 1.85. Bila kazi ile, mzee wa Uru akisema zamani theluji ilikuwa kubwa, angejibiwa kuwa wazee wote husema hivyo.

Hapa niseme neno ambalo majirani zangu hawatalipenda. Mfongo ukikauka, sisi hunyooshea kidole barafu. Watafiti wanasema maji yetu mengi hutokana na mvua ya ukanda wa msitu, si kileleni. Na msitu huo tumeukata kwa mapanga yetu wenyewe. Nani aliupiga picha, mwaka hadi mwaka, tukaona ulipofika?

Kalenda ya bibi ninayo bado. Chini ya Kibo pana mstari mnene wa kijani. Nimemwomba kijana mmoja wa studio mjini Moshi twende Jumamosi mahali pale pale, apige tena. Ameniuliza nani atasimama mbele.