Mbarak Bombay, Mtu wa Safari Ndefu

Fungueni ramani yenu ya Afrika. Tafuteni mji wa Bagamoyo, kaskazini ya Dar es Salaam, mkaweke kidole hapo. Leo tutakiondoa kidole mara nne.

Bila shaka mmesikia habari za mbio za marathoni, ambazo ni kilomita 42 na kidogo. Ziko mbio ndefu kuliko hizo, nazo huitwa ultramarathoni. Huko Afrika ya Kusini, tangu zilipoanzishwa mwaka 1921, watu hukimbia kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90, kwa siku moja. Na hapa kwetu, mwaka 2004, Simon Mtuy alipanda Mlima Kilimanjaro mpaka kileleni na kushuka tena kwa muda usiotimia saa 9. Wageni wengi huchukua siku kadha. Watu wa namna hii husifiwa, na ni haki yao.

Lakini pwani yetu ilikuwa na watu wa masafa marefu kabla mbio hizo hazijapata jina. Hawakukimbia. Walitembea kwa miezi, hata kwa miaka, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao ya kuwapatia riziki. Mmoja wao ni Sidi Mubarak Bombay, au Mbarak kama tunavyosema sisi.

Alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, upande wa kusini. Kijiji chao kilikuwa kimekopa nguo na shanga wakati wa njaa. Siku moja wafanya biashara wa pwani walikuja na panga na bunduki, wakakizunguka kijiji, wakataka kulipwa papo hapo. Hapakuwa na cha kulipa. Kijana huyu, aliyekuwa yapata miaka 12, akachukuliwa. Huko Kilwa akauzwa kwa nguo, akavushwa mpaka Unguja, kisha akapelekwa Bara Hindi. Alitumika huko miaka mingi. Bwana wake alipokufa akapata uhuru wake, akarudi Unguja. Bombay ni jina la mji wa Bara Hindi, na Sidi ni jina wanaloitwa huko watu wenye asili ya Afrika. Basi alirudi kwao amevaa jina la ugenini.

Akaingia katika askari wa Sultani wa Unguja, akawekwa katika boma moja karibu na mto Pangani. Mwanzoni mwa mwaka 1857 Waingereza wawili walipita hapo, Burton na Speke. Speke hakujua Kiswahili, lakini alikuwa amekaa Bara Hindi kama askari na alisema Kihindustani. Mbarak naye alikisema. Lugha aliyoipata utumwani ndiyo iliyomfungulia mlango wa kazi yake.

Sasa tazameni ramani. Karibu na Bagamoyo, upande wa kusini, pana Kaole, mahali penye magofu ya kale. Kutoka hapo, mwezi Juni 1857, msafara ule uliondoka kwenda bara. Mpaka Ujiji ni kiasi cha kilomita 1,200. Walifika mwezi Februari 1858. Burton alipougua, Speke na Mbarak wakatoka Tabora kwenda kaskazini, na mwezi Agosti mwaka ule wakasimama mbele ya ziwa la Nyanza, mahali ulipo mji wa Mwanza leo.

Labda mtauliza: kwa nini watu walibeba mizigo, si punda? Ni kwa sababu ya mbung'o. Mdudu huyu aliwaua punda na ng'ombe katika mapori ya njiani, kwa hiyo mizigo ilikwenda begani na kichwani. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, mbali na mkeka wake na silaha yake. Aliyetangulia mbele ya wote aliitwa kirangozi, naye alishika bendera. Waliondoka alfajiri, wakatua kabla jua halijawa kali mno. Walipofika Ugogo walilipa hongo. Neno hili leo lina maana mbaya, lakini siku zile lilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu na kunywa maji ya visima vyake.

Mbarak hakuwa mpagazi. Mwanzo alichukua bunduki ya Speke na kumfasiria maneno. Baadaye alifanywa mkubwa wa watu. Kazi yake ilikuwa kuandika watu wa kazi, kugawa posho, kusuluhisha ugomvi, kuzungumza na machifu juu ya hongo, na kuwafuata waliotoroka. Mkimbiaji huangalia miguu yake miwili tu. Huyu aliangalia miguu ya watu mia na zaidi, na wengine hawakutaka kwenda.

Rudisheni kidole Bagamoyo. Mwezi Oktoba 1860 Mbarak aliondoka tena na Speke, pamoja na Mwingereza mwingine, jina lake Grant. Walipita Tabora, wakafika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika, kisha Buganda kwa Kabaka Mutesa. Mwezi Julai 1862 Speke aliona mahali mto Nile unapotoka katika Nyanza. Kisha wakaufuata mto ule kaskazini, mpaka Khartoum, mpaka Cairo. Fuateni kwa kidole, muone urefu wake! Watu wengi waliotoka pwani walikuwa wametoroka au wamekufa. Mbarak alikuwamo katika wachache waliofika. Jamii ya Kifalme ya Jiografia ya London ikampa medali ya fedha.

Walakini katika safari hiyo hiyo, huko Buganda, Speke alimpiga ngumi za uso kwa sababu walibishana juu ya kung'oa hema. Miaka kadha baadaye mtu mwingine alipomtazama Mbarak aliona pengo la meno ya mbele, akaandika kwamba lilitokana na ngumi ya Speke. Medali na pengo, vyote viwili vilitoka katika kazi moja.

Mtu aliyeliona pengo lile ni Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, aliyekuja kumtafuta Livingstone. Alimwandika Mbarak kazi kwa reale 80 kwa mwaka, nusu ikalipwa kwanza, akampa na bunduki, bastola, kisu na shoka. Wenzake wa safari ya Speke walipata reale 40. Kundi la mwisho likaondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, masika yakiingia. Bonde la Makata lilikuwa limejaa maji, na watu walipita katika tope na mizigo kichwani. Wazungu wawili aliokuja nao Stanley walikufa katika safari ile. Mbarak alifika Ujiji, na akarudi pwani. Stanley katika kitabu chake amemsema vibaya mara nyingi, na ameandika wazi kwamba alimpiga. Mimi nasoma maneno hayo kwa hadhari. Kama mtu huyu alikuwa mjinga hivyo, nani aliyewafikisha?

Safari ya nne ndiyo ndefu kuliko zote. Mapema mwaka 1873 Mwingereza aitwaye Cameron alitoka Bagamoyo, na mkubwa wa msafara wake alikuwa Mbarak. Walipokuwa karibu na Tabora, mwezi Oktoba, walikutana na msafara mwingine ukija pwani. Walikuwa watu wa Livingstone, Chuma na Susi wakiwaongoza, nao wameuchukua mwili wa bwana wao aliyekufa. Cameron aliwashauri wauzike pale pale. Walikataa, wakaendelea, wakaufikisha Bagamoyo mwezi Februari 1874. Mbarak na Cameron wakashika njia ya magharibi. Cameron analalamika kwamba Mbarak alikuwa amelegea, akitegemea sifa zake za zamani. Labda ni kweli, maana alikuwa amepita miaka 50. Hata hivyo, mwezi Novemba 1875 walitokea upande wa pili wa Afrika, katika pwani ya nchi ya Angola. Alitoka bahari hadi bahari, kisha akarudishwa Unguja kwa meli.

Watu waliojaribu kuhesabu safari zake wanasema zilipita kilomita 9,600, nyingi kwa miguu. Gawanyeni kwa 42, mtapata marathoni 228 na kitu.

Jamii ile ya London ikampa pensheni mwaka 1876. Alifariki mwezi Oktoba 1885. Kitabu chake mwenyewe hakipo. Habari za utoto wake tunazo kwa sababu alimsimulia Speke, na Speke akaziandika. Kila jambo jingine, sifa na matusi, limetoka katika kalamu ya watu waliompa mshahara. Kwa hiyo tunajua alivyowaudhi wao. Hatusomi mahali popote jinsi wao walivyomuudhi yeye, ila pale wanapojisema wenyewe bila kukusudia, kama katika habari ya lile pengo.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni miaka hii minne, kila mmoja katika mstari wake: 1857, 1860, 1871, 1873. Kando ya kila mwaka andikeni mahali Mbarak alipofika. Kisha, kwa maneno yenu wenyewe, andikeni mistari mitano: Mbarak amerudi Unguja kutoka Angola, amekaa barazani, na jirani anamwuliza habari za Cameron. Atajibu nini? Mwalimu wenu atazisoma karatasi zenu darasani.