Mkono wa Kushoto Nao Ufunzwe
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa chama chetu, Mji wa Kale, Mombasa



Tumepewa nafasi hii baada ya hesabu za Bwana Mweka Hazina, nasi twajua kwamba baada ya hesabu masikio ya watu huwa yamechoka, na harufu ya kahawa huwa imekwisha kuingia ukumbini. Kwa hiyo hatutawachelewesha sana. Tutasema juu ya mpira wa kikapu wanaofunzwa vijana wetu, na juu ya kile kiwanja kilicho nyuma ya afisi, ambacho, kama mlivyosikia, kimeombwa na mfanyabiashara mmoja akikodi kwa kuwekea mikokoteni na pikipiki. Kodi anayotaka kutoa si haba. Sisi katika ukarani wa chama ndio tulioipokea barua yake, tukaipiga mhuri na kuiweka mbele ya kamati, hatukuificha. Walakini maadam tumeruhusiwa kunena, tutanena upande wa pili.

Wapo wazee wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, mchezo huu ni wa nani na una asili gani. Mchezo huu una siku yake ya kuzaliwa, jambo ambalo michezo mingi haina. Mwezi wa Disemba mwaka 1891, katika mji wa Springfield huko Marekani, mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada, jina lake James Naismith, alikuwa na darasa la vijana 18 waliofungiwa ndani na baridi, nao walikuwa wamechoshwa na mazoezi ya viungo. Aliomba masanduku mawili. Mtunzaji wa jumba akamwambia kuwa masanduku hana, ila ana vikapu vya kutilia matunda. Basi vikapu vikapigiliwa misumari kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka chini, kanuni 13 zikaandikwa, na vijana wakagawanywa 9 kwa 9. Siku ile lilipatikana bao moja tu. Vikapu vilikuwa na kitako, na mpira ukiingia ilibidi utolewe kwa mkono. Zile futi 10 zimebaki hivyo hivyo mpaka leo duniani kote. Mwaka jana tuliupima ubao wetu kwa utepe wa seremala tukaukuta umepungua inchi 4. Tuliupandisha siku ile ile, na kwa majuma mawili hakuna kijana aliyepata bao bila ya kulalamika.

Na wale wanaokicheka kiwanja chetu kwa sababu ya lile shimo la upande wa mlangoni, twapenda wajue kwamba mwaka 1936, mchezo huu ulipoingizwa rasmi katika Olimpiki ya Berlin, fainali ilichezwa nje, juu ya udongo, mvua ikinyesha. Mpira haukuweza kudunda. Marekani walipata 19 na Kanada 8, nao ndio waliokuwa mabingwa wa dunia nzima.

Sisi tuliufunzwa katika kiwanja hiki hiki, tukiwa watoto wa miaka 10 na 11. Kikapu chetu kilikuwa pete ya chuma ya pipa, na mpira ulikuwa wa kandanda. Mwalimu wetu alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini, sasa ni marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Juma la kwanza hakutupa ruhusa hata mara moja ya kurusha mpira kikapuni. Tulinung'unika. Akatuuliza, je, chuoni mlianza na Yasini au mlianza na alifu? Hatukuwa na jawabu.

Alifu yake ilikuwa kusimama. Magoti yakunjwe kidogo, miguu iachane kadiri ya upana wa mabega, uzito uwe kwenye nyayo za mbele wala si visiginoni. Alikuwa akipita nyuma yetu na kutusukuma bega kwa kidole kimoja. Aliyeyumba alianza upya. Baada ya hapo ndipo tulipofunzwa kudundisha. Mpira hupigwa kwa vidole, kiganja kisiuguse, na usipande juu ya kiuno. Jicho lisiutazame. Alisimama mbele yetu akiinua vidole, viwili, vinne, kimoja, nasi tulitakiwa tuitaje hesabu yake huku tukidundisha. Mtoto anayeutazama mpira wake hamwoni mwenzake aliye wazi, wala hamwoni adui anayekuja kumpokonya.

Kisha ukaja mkono wa kushoto, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Wazee wetu mwajua kwamba mkono wa kushoto kwetu hauna cheo. Haupokei, haulishi, hausalimu. Wengi wetu tulikuwa tumechapwa na mama zetu kwa kuutumia, na sasa mtu mzima anatuamuru tuutumie tu, mkono wa kulia ukiwa mgongoni umeshika leso. Mzee yule alikuwa mtu wa msikitini, hakukosa swala. Mmoja wetu alipothubutu kumwuliza, alijibu kwamba adabu ile ni ya sahani na ya salamu, na mpira hauliwi. Tulicheza kwa kushoto mwezi mzima. Mpira ulitutoroka, ukaingia majumbani mwa watu, ukaangusha ungo wa mchele wa jirani, nasi tukaupepeta mchele ule mpaka magharibi. Lakini mwezi ulipokwisha tuliweza kupita pande zote mbili. Mchezaji wa mkono mmoja ni kama mlango wa bawa moja. Mlinzi akishajua upande unaofunguka, husimama papo hapo asisumbuke.

Mengine aliyotufundisha tutayapitia upesi. Ukiushika mpira kwa mikono, huruhusiwi kutembea nao; mguu mmoja ukae palepale ulipo, na mwingine uzunguke upendavyo. Ukimpa mwenzako mpira, uutoe kifuani kwa mikono miwili, na vidole gumba viishie vikielekea chini. Ukimlinda mtu, miguu yako isipishane, kwani aliyepishanisha miguu amekwisha kupitwa. Katika hili twadhani vichochoro vyetu vya Kibokoni vilitusaidia kuliko mwalimu. Mtoto aliyezoea kumpisha mchukuzi wa gunia mahali ambapo watu wawili hawaenei, miguu yake imekwisha kufunzwa. Na ukirusha, kiwiko kikae chini ya mpira, na kifundo cha mkono kikunjike mwisho wake kama cha mtu anayetia mkono ndani ya mtungi mrefu, ili mpira uende huku ukizunguka kwa kurudi nyuma. Mpira uzungukao hivyo ukigusa chuma hupoa, na pengine huingia. Mpira mkavu hugonga ukaruka.

Tulipofaulu mtihani tukaenda shule moja ya misheni ya sekondari, mbali na pwani, tulidhani tumekwisha kuwa wachezaji. Majina ya timu yalibandikwa ubaoni. Tuliyasoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, na jina letu halikuwamo. Mwaka ule kazi yetu ilikuwa kubeba ndoo ya maji ya wachezaji. Mwaka wa pili tuliingizwa. Katika mechi ya kwanza, timu yetu ikiwa nyuma kwa alama moja na dakika zikimalizika, tulichezewa vibaya, mwamuzi akatupa mitupo miwili ya adhabu. Mstari ule uko futi 15 kutoka kwenye ubao, hakuna mtu mbele yako, hakuna anayekuzuia. Wa kwanza ulipita upande. Wa pili haukugusa hata chuma. Njiani kurudi, ndani ya gari, hakuna aliyetusemesha, na hilo lilituuma kuliko kutukanwa. Usiku ule tuliandika barua nyumbani kuomba turudishwe Mombasa, tukasema ni kwa sababu ya baridi.

Barua haikujibiwa kwa majuma matatu. Baba alikuwa mgumu wa kuandika. Katika majuma yale tulianza kuamka kabla ya kengele na kurusha mara 50 kila siku, tukiandika hesabu katika daftari. Juma la kwanza, katika 50 zilipata 19. Mwisho wa muhula zilipata 31. Hatukufika 40 hata siku moja, na twaungama hivyo mbele yenu, kwani wapo vijana humu wanaodhani sisi tulikuwa mabingwa. Tulicheza miaka miwili zaidi, mara nyingi tukianzia benchi. Ila daftari lile tunalo, na pengine ndimo ukarani wetu ulimoanzia.

Msidhani mambo haya huwapata wadogo tu. Jirani zetu wa Dar es Salaam walimzaa Hasheem Thabeet mwaka 1987. Aliuanza mchezo huu akiwa na miaka 15, umri ambao wengine wamekwisha kuuchoka; akasoma kwa muda hapa Kenya, kisha akavuka kwenda Marekani. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika wachezaji wote wapya walioingia ligi kubwa ya Marekani, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia humo. Kabla mwaka haujatimia, mwezi wa Februari 2010, timu yake ilimteremsha kwenda ligi ndogo kujifunza zaidi, naye ndiye aliyekuwa amechaguliwa juu kuliko wote waliowahi kuteremshwa hivyo. Magazeti yaliandika. Alirudi ligi kubwa, akachezea timu nyingine, na miaka mingi baadaye alikuwa bado anacheza, akafika mpaka Japani. Wako wanaosema kwamba hakufikia kile alichotazamiwa. Sisi twasema aliyeanza na miaka 15 alikuwa na alifu nyingi za kulipa, na alizilipa mbele ya macho ya dunia.

Na timu yetu ya taifa ilikaa miaka 28 bila ya kuingia mashindano ya mataifa ya Afrika, tangu yale yaliyofanyika hapa Kenya mwaka 1993. Mwezi wa Februari 2021, mjini Yaoundé, ilikutana na Angola, waliokuwa wamelichukua kombe la Afrika mara 11. Mtupo wa mwisho kabisa, uliorushwa na Tylor Ongwae, uliipa Kenya 74 kwa 73, na tiketi ya Kigali. Tuliutazama mchezo ule katika simu moja, watu saba, juu ya baraza. Jirani alifungua dirisha akidhani kuna msiba.

Sasa tuje kwa kijana mmoja wa mtaani petu, ambaye hatutamtaja jina, kwani mama yake yumo humu. Ana miaka 14. Mwezi wa tatu alikwenda kujaribiwa katika timu moja ya vijana nje ya mtaa, akakataliwa; aliambiwa ni mfupi. Hakuonekana kiwanjani majuma matano. Tulimpata pwani, Bandari ya Kale, amekaa na watu ambao wazee mwawajua na hatuna haja ya kuwataja, watu wanaowapa watoto wetu vitu vya kuvuta na visivyofaa. Hatukumhubiria. Tulimwambia mipira minne imebaki miwili, na tunahitaji mtu wa kuijaza pumzi. Akaja kwa kazi ya pampu. Siku ya tatu alikuwa anadundisha kwa kushoto. Bado ni mfupi. Mwezi wa tisa alikwenda kujaribiwa tena, na amekataliwa tena. Jioni ile alikuwapo kiwanjani, amekasirika, anacheza vibaya mno, lakini alikuwapo.

Mashtaka dhidi ya kiwanja twayajua, na mengi ni ya kweli. Kelele wakati wa swala: tangu mwezi wa nne mpira hutolewa baada ya Alasiri na hufungiwa kabatini kabla ya adhana ya Magharibi, na katika mwezi wa Ramadhani hautoki kabisa mchana. Kioo cha jirani: kimelipwa, na risiti imo katika faili. Wasichana: wana siku zao mbili, Jumamosi na Jumapili asubuhi, na mama wawili wanachama huwakalia. Anayeona ajabu wasichana kucheza na afike Makande; timu ya wanawake ya Bandari imetwaa ubingwa wa nchi zaidi ya mara moja.

Shtaka la kodi ndilo gumu. Fedha ile ingelipa karo za watoto kadhaa kutoka mfuko wa chama, na hatutadanganya kwamba mpira hulipa karo. Ila pikipiki zaweza kuwekwa mahali pengine, na Mji wa Kale hauna mahali pengine pa mtoto kukimbia hatua 20 bila ya kugonga ukuta au mtu. Uwanja wa Makadara wanausongamania wa kandanda, na mbele ya Ngome pamejaa magari na wageni.

Tunaomba mambo matatu: kiwanja kibaki kwa mwaka mmoja zaidi, lile shimo lizibwe kwa saruji, na inunuliwe mipira miwili. Saruji tumeahidiwa nusu na fundi mmoja mwanachama. Ufunguo wa kabati la mipira tumeurudisha jana kwa Bwana Mweka Hazina, nao utakaa kwake mpaka kura ipigwe.