Somo la Redio: Dawa ya Sonona na Namna ya Kuitumia

Fungueni madaftari yenu. Leo tutasoma juu ya dawa ya ugonjwa wa sonona.

Sonona ni nini? Ni huzuni isiyoondoka kwa wiki 2 au zaidi. Mgonjwa hapati usingizi mwema, chakula hakimpendezi, na kazi inamshinda. Watu husema ni mvivu, au amerogwa. Sivyo. Huu ni ugonjwa, nao una dawa.

Dawa moja huitwa fluoksetini. Ilikubaliwa kutumika Marekani mwaka 1987. Hufanyaje kazi? Ndani ya ubongo mna chembe nyingi zinazopelekeana habari. Moja ya kemikali zinazochukua habari hizo ni serotonini. Habari ikisha kufika, chembe iliyoituma huivuta serotonini irudi ndani. Fluoksetini huzuia isivutwe upesi, nayo hubaki nyingi zaidi kati ya chembe. Kisha ubongo hubadilika polepole.

Pigieni mstari neno hilo: polepole. Dawa ya kuumwa kichwa hutuliza kwa saa moja. Hii si hivyo. Mara nyingi nafuu huonekana baada ya wiki 2 hadi 4, pengine zaidi. Lakini kichefuchefu au kukosa usingizi huweza kuja siku za kwanza. Basi mgonjwa husema, “Dawa hii inanidhuru tu,” akaitupa. Asiitupe. Amweleze daktari.

Na akipona? Asiache siku hiyo. Kwa kawaida huendelea walau miezi 6, kisha daktari humpunguzia kidogo kidogo.

Yashikeni haya:
1. Meza kipimo ulichoandikiwa. Ukisahau leo, usimeze viwili kesho.
2. Usimpe mwenzako dawa yako.
3. Mtajie daktari dawa zako zote, hata za miti shamba; nyingine hazipatani na hii. Mama mja mzito aseme pia.
4. Acha pombe.
5. Weka dawa mbali na watoto.

Nanyi jamaa wa mgonjwa, mwangalieni sana wiki za kwanza, hasa akiwa kijana. Akisema anataka kufa, au akibadilika ghafula, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku ile ile.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kwa nini mgonjwa asikate tamaa wiki ya kwanza?
2. Akipona, afanye nini?

Kwaherini mpaka somo lijalo.