Nani Analipia Seva?

Elon Musk aliponunua Twitter Oktoba 2022, watu wengi walihamia Mastodon, mtandao wa kijamii usio na mmiliki mmoja. Kila jamii huendesha seva yake, na seva hizo huwasiliana zenyewe kwa zenyewe. Matangazo ya biashara hakuna. Bili ipo, kila mwezi.

Tena hupanda hata asipojiunga mtu mpya. Mwanachama akimfuata mpiga picha aliye kwenye seva nyingine, nakala za picha zake huhifadhiwa kwenye seva ya mwanachama huyo pia. Zisipofutwa mara kwa mara, diski hujaa. Msimamizi, mara nyingi mtu mwenye ajira yake mchana, hulipa kwa pesa za mfukoni, na usiku anashughulikia malalamiko ya matusi. Huyo akichoka, jamii nzima inakosa pa kukaa.

Kumwachia mtu mmoja mzigo huo ni kumwonea. Social.coop, mojawapo ya seva za Mastodon, imechagua ushirika: wanachama wanachanga kadiri ya uwezo wao, hesabu ziko hadharani, na maamuzi ni ya wote. Naiona ndiyo njia ya haki, mradi mchango ulipie pia jasho la wasimamizi.

Hata kufunga seva kuna gharama. Mastodon huzitaka seva zinazoorodheshwa kwenye tovuti yake ziahidi kutoa notisi ya miezi 3 kabla ya kufungwa, watu wapate kuhamisha akaunti. Ahadi hiyo inahitaji fedha za miezi hiyo 3 ziwe zimeshawekwa akiba.