Mshabiki na Viwanja Vidogo vya Miritini

Mazungumzo haya yahusu mchezo wa mpira wa miguu, lakini si ule unaotangazwa katika redio kila Jumapili. Yahusu mpira unaochezwa nje ya ligi kubwa, katika viwanja visivyo na ukuta wala tikiti, na yahusu mtu mmoja ambaye hupatikana katika kila mtaa, yaani mshabiki anayetoka nyumbani alasiri, akaenda uwanja huu leo na uwanja ule juma lijalo, kwa sababu tu ataka kuona mpira unavyochezwa mahali asipopajua.

Watu wengi wakitajiwa mpira wa Mombasa hutaja Bandari. Hawakosei. Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1960 na wafanyakazi wa gatini, ikabadilisha jina zaidi ya mara moja, ikatwaa kombe la taifa mwaka 2015 na tena mwaka 2019, na uwanja wake ni Mbaraki, kisiwani. Lakini Bandari ni kilele cha mti. Chini ya Ligi Kuu iko ligi ya taifa ya pili yake, chini ya hiyo yako madaraja mengine, na chini kabisa ziko ligi za kaunti na za mitaa, ambako mchezaji hurudi nyumbani kwa miguu akiwa na viatu vyake katika mfuko wa plastiki. Huko ndiko aendako mshabiki wetu.

Miritini iko bara, upande wa magharibi wa kisiwa. Mtu akitoka mjini huvuka Makupa, akapita Changamwe na Mikindani, akifuata njia kuu ya Nairobi. Ni mahali ambapo safari haziishi. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa mwaka 1896, ilipita hapo tangu siku zake za mwanzo, na reli mpya iliyofunguliwa tarehe 31 Mei, 2017 ina stesheni yake kuu ya Mombasa papo hapo Miritini. Barabara ya Dongo Kundu nayo yaanzia upande huo. Kwa hiyo wageni elfu nyingi hushuka Miritini wakaondoka bila kuiona. Jirani yake ni Jomvu Kuu, mji wa Wajomvu, ambao ni mmoja katika mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Basi katika uwanja mmoja wa Miritini mshabiki husikia Kijomvu, Kirabai, Kiduruma, Kikamba, Kijaluo na Kiluhya, na matusi kwa refari husemwa kwa Kiswahili ili refari asikose kuyafahamu.

Desturi hii ya kuzunguka viwanja si ya hapa peke yake. Katika Uingereza wako watu wanaojivunia kuwa wamefika katika viwanja vyote 92 vya ligi zao za juu, na chama chao kilianzishwa mwaka 1978. Wengine huona ya kuwa hayo hayatoshi, wakashuka hata kwenye ligi za vijiji. Huko Sheffield uko uwanja uitwao Sandygate, wa timu ya Hallam, ambao mpira umechezwa tangu mwaka 1860, na timu hiyo haimo katika ligi kubwa hata leo. Watu husafiri kutoka nchi za mbali kwenda kusimama kando yake. Ikiwa Mwingereza huona fahari kusimama hapo, mtu wa Changamwe hana sababu ya kuona haya akionekana amesimama katika vumbi la Miritini.

Mshabiki mwenye uzoefu, afikapo uwanjani, hutazama ardhi kwanza. Kisiwani, kama vile Serani au Tononoka, ardhi ni mchanga juu ya mawe ya matumbawe, na mvua ikinyesha maji hunywewa upesi. Bara ya magharibi haiko hivyo. Miritini na Jomvu zina udongo mzito wa mfinyanzi uliotokana na mwamba laini wa kale. Wakati wa kaskazi udongo huo hukauka ukapasuka, na mpira hudunda juu kuliko mchezaji alivyotazamia. Wakati wa masika, katika Aprili na Mei, hugeuka tope la kushika miguu, na timu yenye mbio nyingi hushindwa na timu yenye vifua vipana. Kocha mwenye akili hubadilisha wachezaji kwa kufuata mvua, wala si kwa kufuata maneno ya mashabiki. Katika viwanja vya mteremko, na viko vingi kwa kuwa nchi yenyewe ni ya vilima, nahodha anayeshinda shilingi huchagua kushambulia kwenda chini kipindi cha pili, wakati miguu imechoka.

Baada ya ardhi, vipimo. Sheria za mchezo zataka uwanja usipungue urefu wa mita 90 na upana wa mita 45, na lango liwe na upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Asiye na futi aweza kupima kwa hatua. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimeta 75, basi urefu huo ni hatua 120, upana hatua 60, na lango ni hatua kumi kasoro kidogo. Viwanja vingi vya mtaani hupita mtihani huu kwa urefu lakini hushindwa kwa upana, kwa maana nyumba, njia ya miguu na mtaro wa maji husogea mwaka hata mwaka. Mpira unapoanza mshabiki huona matokeo yake: mawinga hawana nafasi, watu wote hubanana katikati, na mabao mengi hupatikana kwa mpira wa kona au wa kurusha.

Jambo la tatu ni saa. Mechi ya mtaani huanza kama saa kumi na robo, jua likiisha kupungua ukali. Dakika 90 pamoja na mapumziko ya dakika 15 humaliza mchezo saa kumi na mbili kamili. Jua la Mombasa huchwa baina ya saa kumi na mbili na robo, katika Novemba, na saa moja kasorobo, katika Februari. Kwa sababu hiyo katika mashindano mengi ya makombe ya mitaa hakuna nusu saa ya kuongeza; timu zikitoka sare huenda moja kwa moja kwenye penalti, na golkipa hudaka akiwa haoni mpira vizuri. Mgeni asiyejua hulaumu waandaji. Lakini hakuna taa, na adhana ya magharibi haimngoji mtu.

Timu hizo zaishi kwa michango. Mpira, jezi, chokaa ya mistari, nauli ya matatu kwenda Kongowea kucheza katika uwanja wa Mbuzi au kwenda Bomu kule Changamwe, na malipo ya refari: yote hutoka katika mifuko ya wachezaji wenyewe, ya kocha na ya wenye maduka ya mtaa. Mara nyingi mistari huchorwa kwa majivu kwa kuwa chokaa imekuwa ghali. Kipindi cha kwanza kinapokwisha mtu huzungusha kofia au kopo, na hapo ndipo mshabiki wa kweli hutambulikana. Anayekuja kila juma akaondoka bila kutia hata shilingi kumi aitwa kwa jina ambalo halifai kuandikwa hapa.

Kando ya mstari kina mama huuza viazi vya karai, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ukwaju, mabuyu na achari za embe. Mzee wa kahawa hupita na dele lake, akigonganisha vikombe. Biashara hiyo si ndogo. Ziko nyumba ambazo chakula cha jioni ya Jumapili hutegemea kama mechi imechezwa au imeahirishwa.

Yafaa kukumbuka mpira huu umetoa nini. Kombe la Gossage, lililokuwa la kwanza kuzikutanisha nchi za Afrika Mashariki, lilianza mwaka 1926 kwa Kenya na Uganda; Tanganyika iliingia mwaka 1945 na Unguja mwaka 1949. Wachezaji wa siku hizo hawakuajiriwa kwa ajili ya mpira. Walikuwa makarani, mafundi wa reli na wachukuzi wa gatini, na walijifunza katika viwanja vya kazi na vya mitaani. Ligi ya taifa ya Kenya ilipoanza mwaka 1963, watu wa bara walidhani ya kuwa Pwani hawangeweza kushindana nao. Mwaka 1965 ubingwa ulichukuliwa na Feisal ya Mombasa. Tangu hapo hata mwaka 2025 ubingwa huo haukurudi Pwani. Sababu zilizotajwa ni nyingi, kama vile fedha, uongozi, na vijana kukimbilia timu za Nairobi. Sababu moja hutajwa kidogo mno, nayo ni mahali pa kuchezea.

Mtu aliyezunguka Changamwe, Jomvu na Miritini kwa miaka ishirini aweza kueleza jambo hili vizuri kuliko ofisi yoyote. Bandari ya Kilindini imekua, na shehena zimehitaji mahali pa kukaa. Yadi za makontena zimeenea bara yote ya magharibi, pamoja na maegesho ya malori, maghala, reli na barabara. Kila kimoja kina faida yake, na vijana wa timu hizo hizo hupata vibarua humo. Lakini kontena halichagui; likipata ardhi tambarare hukaa, na ardhi tambarare katika nchi ya vilima ndiyo ardhi ya mpira. Kisiwani nako uwanja mkubwa wa mji ulibomolewa kabla ya mwaka 2020 ili ujengwe upya, na kazi ikachukua miaka mingi, timu zikasongamana katika viwanja vilivyobaki.

Uwanja wa mtaa mara nyingi hupotea kwa utaratibu mmoja. Kwanza hutiwa rundo la kokoto pembeni, nao watu husema ni la jirani anayejenga. Kisha huja vigingi. Kisha ukuta wa mabati hujengwa usiku wa kuamkia Jumatatu, wakati timu imeisha kucheza, na asubuhi mlinzi asiyejulikana huwa langoni. Wenyeji hupiga kelele, lakini wakiulizwa wana nini cha kuonyesha, hujibu ya kuwa wamecheza hapo tangu utoto. Hilo ni kweli, ila haliandikwi popote.

Hapa daftari la mshabiki huwa na kazi. Wako wazungukaji wa viwanja ambao huandika tarehe, majina ya timu, matokeo, na idadi ya watazamaji kwa kukisia, wakapiga na picha. Daftari hilo si hati ya ardhi, wala hapana mtu anayepaswa kudanganywa kwamba ni hati. Lakini likiwa na miaka kumi ndani yake, laonyesha kuwa mahali hapo palitumiwa na watu wote, juma baada ya juma, na mzee wa mtaa akienda ofisini nalo pamoja na picha husikilizwa kwa namna nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 62, yaeleza ardhi ipi ni ya umma, na yaweka sehemu yake katika amana ya serikali ya kaunti, ikisimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Jedwali la Nne laipa kaunti kazi ya michezo na viwanja vyake. Kifungu cha 35 champa raia haki ya kupata habari zilizoko serikalini. Kwa hiyo timu yaweza kuuliza, kwa barua na kabla ya vigingi, kama kiwanja chao kimeandikwa katika ramani kuwa cha umma, na kwa nambari gani. Jibu likiwa ni ndiyo, barua hiyo na itunzwe mahali pasipovuja. Likiwa ni hapana, muda wa kufanya jambo ungalipo, kwa kuwa kokoto bado hazijamwagwa.

Siku hizi katika baadhi ya viwanja hivyo mechi ya wasichana hutangulia, saa nane au saa nane na nusu, jua likiwa kali bado. Wazee wengine hunung'unika, kisha huonekana wamekwisha kukaa chini ya mwembe kabla ya firimbi. Timu ya taifa ya wanawake ya Kenya ilifika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na wasichana wa mitaani wayajua hayo. Wachezapo kwanza hupata uwanja wenye mistari mizima, kwani ikifika saa kumi majivu yamekwisha kupeperuka, na wavulana hubishana na refari juu ya mstari ambao hapana anayeuona.